Wewe ni Nani Wake?

Haya ni maneno niliyosema Jumamosi alasiri hapa Malindi, ukumbini, mbele ya wazee wa mtaa, akina mama wa chama, walimu wa madrasa, wachungaji wawili na vijana waliokaa sakafuni kwa kukosa viti. Waliokuwa safarini na waliokuwa kazini wameniomba niyaandike. Nimeyaweka yote, isipokuwa picha zilizooneshwa ukutani.

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu zangu Wakristo, Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana mlio chini, nawaona. Ahsanteni kwa kuja.

Nilipoombwa kuzungumzia ndoa za watu wa jinsia moja, binti yangu aliniuliza kama siogopi. Naogopa. Ni jambo ambalo ukilitaja barazani sauti zinapanda kabla hujafika nusu ya maneno yako. Lakini nimekuwa karani wa masijala ya mahakama miaka 31, katika vituo mbalimbali vya Pwani hii, na karani husikia watu wakiwa wameshakwisha kuvumilia. Niliyoyasikia pale dirishani ndiyo yaliyonileta.

Niseme mapema nilipo, ili mtu asinitafute. Mimi ni Muislamu. Nikaha ninayoijua ni ya mume na mke, kwa walii, mashahidi na mahari. Nilifungishwa hiyo, na mama yangu kabla yangu. Sikuja kuigusa. Atakayetoka hapa akisema Bi Karani anataka msikiti ufungishe wanaume wawili atakuwa amenisingizia, na nyinyi nyote ni mashahidi wangu.

Sasa nipeni masikio.

Palikuwa na wanawake wawili mtaa wa Shella, hapa hapa Malindi. Wote wajane. Mmoja alikuwa na nyumba ya mawe, vyumba vitatu, na ua wenye mkomamanga. Mwenzake alihamia pale kama mpangaji baada ya kufiwa na mumewe. Mwezi wa kwanza alilipa kodi. Mwezi wa pili alipoileta, mwenye nyumba aliikataa, akamwambia anunue unga. Basi wakaishi pamoja miaka 19. Mmoja akipika mahamri alfajiri, mwingine akishona kofia za vito mpaka macho yakamchoka. Watoto wa mtaa waliagizwa hivi: nenda kwa kina bibi wawili. Hakuna aliyesema nenda kwa fulani.

Mwenye nyumba akapatwa na kiharusi. Upande wote wa kulia ukafa. Kwa miaka 3 mwenzake alimgeuza kitandani usiku na mchana, akamlisha uji kwa kijiko, akamfukizia udi, na kila Ijumaa akamtia wanja, kwa sababu yule mgonjwa tangu ujana alikuwa mtu wa kupenda kujipamba. Bangili zake za dhahabu aliziuza moja moja, zikawa dawa.

Mgonjwa akafa. Akazikwa, akasomewa. Siku ya arubaini ilipopita wakaja wana wa kaka yake kutoka mjini mbali. Walikuja na kufuli jipya, bado limo kwenye karatasi yake ya dukani.

Yule mama akaja dirishani kwetu. Mkononi alikuwa na mkebe wa biskuti. Akaufungua, akaanza kupanga vitu juu ya kaunta: risiti za maji, risiti ya mabati 14, karatasi za daktari, na kofia moja ambayo haijakwisha kushonwa, sindano bado imechomekwa. Alizipanga kwa mpangilio wa miaka. Kijana niliyekuwa naye zamu akavuta fomu, akauliza swali tunalomuuliza kila mtu:

“Wewe ni nani wake?”

Akajibu, “Mimi ni shoga yake.”

Kijana akacheka. Akamtazama mwenzake wa meza ya pili, naye akacheka. Yule mama akatazama nyuma yake, akidhani kuna mtu mwingine anayechekwa.

Vijana, nisikilizeni. Kwa mama zenu na bibi zenu, shoga ni mwanamke rafiki wa mwanamke. Shoga ndiye unayemwachia ufunguo. Shoga ndiye anayejua ulichoficha chini ya godoro. “Shoga, umeamkaje?” tulisalimiana hivyo visimani, majikoni, arusini. Neno letu lile limeokotwa, likafanywa jiwe la kumrushia mwanamume anayetembea isivyo kama wenzake. Na bibi wa miaka zaidi ya 70 akalitamka kwa heshima mbele ya serikali, likamrudia usoni.

Niliandika “rafiki” kwenye fomu. Faili lile halikwenda popote.

Na siwezi kusema wale vijana wenye kufuli walivunja sheria. Hawakuvunja. Marehemu hakuacha mtoto, hakuacha ndugu aliye hai, na wana wa kaka ndio warithi wake kwa sharia yetu ya mirathi. Laiti marehemu angeusia. Mtu asiye mrithi anaweza kuachiwa kwa wosia hadi thuluthi ya mali, na thuluthi ya nyumba ile ilikuwa chumba kile kile alicholala miaka 19. Au angempa hiba mkono kwa mkono alipokuwa na afya. Hakuna aliyemwambia. Mimi nilikaa vichochoro viwili kutoka kwao, nikinunua mahamri yake, na sikumwambia. Hilo nimelibeba.

Wewe ni nani wake?

Hospitali wanauliza. Makafani wanauliza. Benki wanauliza. Ofisi ya pensheni wanauliza. Chifu akiandika barua ya mirathi anauliza. Na dola ina masikio ya kusikia majibu mawili tu: damu, au ndoa. Jibu la tatu haina pa kuliandika.

Ndugu zangu, kelele zote mnazozisikia redioni juu ya ndoa za jinsia moja, na hicho kinachoitwa muungano wa kiraia, zimeanzia kwenye swali hilo. Muungano wa kiraia ni nini? Ni watu wawili wazima kwenda ofisi ya serikali, bila kadhi na bila padri, wakaandikisha kwamba huyu ni wa huyu. Kuanzia siku ile anaweza kumsainia hospitalini, kumzika, na katika nchi nyingi hata kumrithi. Denmark ilianza mwaka 1989, kwa watu wa jinsia moja peke yao. Ufaransa mwaka 1999 ikatunga mkataba wake, ikauacha wazi kwa watu wawili wazima wasio ndugu wa karibu, wawe mwanamume na mwanamke au la. Na je, mnajua leo wengi wanaoutumia kule Ufaransa ni kina nani? Ni mwanamume na mwanamke, wapenzi wasiotaka mambo makubwa ya ndoa. Ubelgiji walikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2000 hata ndugu wawili wa damu wanaoishi nyumba moja wanaweza kujiandikisha.

Hili la ndugu nawaomba mlishike, kwa sababu lina kisa chake. Uingereza walikuwapo dada wawili, Joyce na Sybil Burden, wasioolewa, waliozeeka pamoja kwenye nyumba iliyojengwa katika ardhi ya wazazi wao. Uingereza ilipowaruhusu watu wa jinsia moja kuandikisha muungano, kuanzia Desemba 2005, watu hao wakasamehewa kodi ya urithi mmoja wao anapofariki, kama wanavyosamehewa mume na mke. Wale dada hawakusamehewa. Mmoja akifa, aliyebaki huenda akalazimika kuuza nyumba alipe kodi. Wakaenda mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na tarehe 29 Aprili 2008 majaji 15 dhidi ya 2 wakawakatalia. Undugu wa damu, wakaambiwa, ni kitu kingine, hamkuchagua mkataba.

Nilipokisoma kisa hicho niliuona ule mkebe wa biskuti.

Na Marekani? Huko nako kesi iliyotikisa nchi ilianza na risiti. Edith Windsor na Thea Spyer wa New York waliishi pamoja zaidi ya miaka 40. Thea alipata ugonjwa uliomlemaza pole pole, Edith akamuuguza. Mwaka 2007 walikwenda Kanada wakafunga ndoa ya serikali. Thea akafariki 2009, na serikali ya Marekani ikamwambia Edith: kwetu wewe si mke wa mtu, lipa kodi ya urithi, dola 363,053. Alishinda mwaka 2013, na miaka miwili baadaye Mahakama ya Juu yao ikaruhusu ndoa hizo nchi nzima, majaji watano kwa wanne. Unaweza kuuchukia uamuzi ule. Wengi humu mnauchukia, nawajua. Lakini jueni ulianzia wapi. Ulianza na mjane aliyeulizwa wewe ni nani wake.

Turudi Malindi, maana mtu anaweza kusema hayo ni ya ng'ambo. Hapa kwetu wauza samaki wanahesabu kwa Kitaliano. Ng'ambo iko mlangoni.

Mpwa wangu alikuwa mpishi kwenye nyumba moja ya Wataliano wawili, wazee, wanaume. Mtaa ulijua ni ndugu. Italia, nchi inayoizunguka Vatikani pande zote, ilikaa miaka mingi ikikataa jambo hili. Mwaka 2015 Mahakama ya Ulaya ikaiambia kwamba haiwezi kuwaacha watu hawa bila njia yoyote ya kutambuliwa, na Mei 2016 Bunge lao likapitisha muungano wa kiraia. Neno ndoa walilikataa, na mpaka leo hawajaliweka. Wale wazee wakasafiri kwao, wakarudi baada ya mwezi na karatasi yenye muhuri wa manispaa. Mmoja wao akamwonesha mpwa wangu, kama mtu anayeonesha cheti cha mtoto aliyefaulu.

Mwaka uliofuata mmoja aligongwa na bodaboda akienda sokoni. Akafikishwa hospitali amezimia. Ikatakiwa saini ya jamaa wa karibu kabla ya kupasuliwa kichwa. Mwenzake akasema ni mimi, akatoa karatasi. Karani wa pale akaisoma, akaigeuza nyuma, akairudisha. “Hii si ndoa, mzee. Wewe ni rafiki.” Tena hakusema kwa ubaya. Katika vitabu vya Kenya, karatasi ile haina pa kuingia. Wakampigia simu mpwa wa mgonjwa kule Italia, mtu ambaye hawakusemezana miaka mingi. Simu ikaita, ikaita. Ikapokelewa usiku. Muda wote huo yule mzee alikaa kwenye benchi ameshika ndala za mwenzake, na mpwa wangu amesimama kando na thamosi ya chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Alipona. Lakini walifungasha, wakauza vyombo, wakarudi kwao, na mpwa wangu akakosa kazi. Aliponihadithia, kijana yule, ambaye ni imamu wa kusalisha taraweh mtaani kwetu, aliniambia: “Mama mdogo, mimi siikubali ile karatasi yao. Lakini siku ile nilitamani ikubaliwe hata kwa saa moja.”

Nimeyatafakari maneno hayo kwa miaka. Mnaona alivyoyatenganisha? Dini yake hakuiacha pale benchini. Alibaki nayo, na akabaki na yule mzee.

Najua kuna wazee hapa wanasema moyoni: huu ni ujanja, ukiwafungulia dirisha kesho wataingia mlangoni. Leo muungano, kesho ndoa. Je, hofu hiyo ni ya bure? Sitawadanganya. Si ya bure. Denmark ilianza na muungano 1989, ikafika kwenye ndoa 2012. Uingereza ilianza 2005, ndoa ikaja 2014. Ayalandi waliandikisha miungano kuanzia 2011, na 2015 wakapiga kura ya wananchi wote, asilimia 62 wakakubali ndoa. Afrika Kusini hawakusubiri sana. Mahakama yao ya katiba iliamua Desemba 2005, ikalipa Bunge mwaka mmoja, na Novemba 2006 sheria ikapita. Anayewaambia kwamba moja haijapata kuzaa nyingine anawaficha.

Lakini sikilizeni na hili. Kila nchi ina kufuli lake, na la kwetu ni zito. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 45, inasema mtu mzima ana haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiari ya wote wawili. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na zote ni za mwanamume na mwanamke. Kifungu cha 45 kimo ndani ya Sheria ya Haki, na kuibadilisha Sheria ya Haki kunataka kura ya maoni ya nchi nzima. Hakuna mbunge anayeweza kuja usiku akaibadilisha ndoa mkaamka asubuhi mmekuta jambo limekwisha. Mtaulizwa. Wewe mama, wewe kijana, mtapanga foleni.

Basi kama ndoa imefungiwa hivyo, kwa nini tunagombana kama watu waliovamiwa?

Niwakumbushe siku moja: tarehe 24 Mei 2019. Siku hiyo Mahakama Kuu Nairobi iliamua kesi ya watu walioomba vifungu vya Kanuni ya Adhabu viondolewe, vile vinavyoweza kumfunga mtu miaka 14 kwa tendo la watu wawili wazima faraghani. Vifungu hivyo tuliletewa na Mwingereza enzi za ukoloni, na yeye kwake aliviondoa kuanzia 1967. Waombaji walisema wazi: hatuombi ndoa. Majaji watatu wakawakatalia, na sababu mojawapo ni kwamba kukubali kungefungulia njia watu hao waishi pamoja kinyume na kifungu cha 45. Siku hiyo hiyo, kule Taiwan, watu wa jinsia moja walianza kuandikisha ndoa, wa kwanza barani Asia. Redio zikasoma habari mbili pamoja, na masikioni mwa watu zikawa moja. Februari 2023 ikaja tena: Mahakama ya Juu, majaji watatu kwa wawili, ikasema watu hao wasizuiwe kuandikisha shirika lao, kwa kuwa katiba inampa kila mtu uhuru wa kujumuika. Kuandikisha shirika. Mitaani ikawa “mahakama imeruhusu wanaume kuoana”. Nilikuwa sokoni, nikamsikia muuza nazi akiapa kwamba amesoma hukumu.

Hapo ndipo uvumi unapozaliwa. Na uvumi hapa kwetu umeshamwaga damu.

Februari 2010, Mtwapa, kilomita kama 100 kutoka hapa tulipokaa. Ilivuma kwamba wanaume wawili watafunga ndoa hotelini. Wiki ile nilipanda matatu kutoka Mombasa. Abiria wote walijua habari. Mmoja alijua rangi ya gauni la bi arusi. Mwingine alijua mahari, laki mbili. Nikauliza, nani ameona kadi ya mwaliko? Kimya. Nani ana jamaa aliyealikwa? Kimya. Nilifika nyumbani nikasahau.

Baada ya siku chache umati uliizingira kliniki moja pale Mtwapa iliyokuwa ikihudumia watu wenye virusi vya Ukimwi. Kwa nini kliniki? Kwa sababu ilisemekana inawapokea watu wa namna hiyo. Watu wakaja na fimbo na mawe. Wengine wakapigwa njiani, wengine wakaburutwa mpaka polisi. Na arusi? Haikuwapo. Hakuna gauni, hakuna mahari, hakuna hoteli. Waliokosa dawa baada ya mlango kufungwa walikuwapo.

Niambieni, walimu wangu wa madrasa mlioko hapa. Surat An-Nur inamtaka nini anayemtuhumu mwanamke msafi zinaa? Mashahidi wanne. Akiwakosa, nani anapigwa mijeledi 80? Si aliyetuhumiwa. Ni yule aliyefungua kinywa. Dini yetu imeweka ukuta mrefu hivyo mbele ya ulimi, na sisi tunapiga watu kwa habari ya kwenye matatu? Na nyinyi wachungaji, yule mwanamke aliyeletwa mbele ya Yesu, mawe yaliishia wapi? Yalianguka chini moja moja, kuanzia mikononi mwa wazee.

Sisi wa Pwani tulikuwa tunajua kukaa na watu. Wanawake wa rika langu mnakumbuka arusi za ndani, wanaume wale waliokuja kupiga ngoma na kuimba na wanawake, wakila na sisi, wakicheka na sisi. Kila mtu aliwajua. Hakuna aliyesema ndoa zao zifungwe, na hakuna aliyewafuata gizani na rungu. Sisemi mambo yalikuwa matamu kwao. Dhihaka zilikuwepo nyingi. Nasema mama yangu, aliyesali tahajudi mpaka miguu ikavimba, aliwafungulia mlango.

Nimalizie na ninachokitaka, maana nimesema mengi ya wengine.

Nataka nikaha ibaki kama ilivyo. Nataka arusi ya kanisani ibaki mikononi mwa kanisa. Halafu nataka Bunge letu lipatie jibu la tatu mahali pa kuandikwa. Mtu mzima yeyote aweze kwenda ofisi ya serikali akaandikisha mtu mmoja: huyu ndiye wangu, huyu anisainie, huyu anizike, huyu asifungiwe mlango nikifa. Isiitwe ndoa. Na karani asiulize wanalala vitanda vingapi. Nimekuwa karani, swali hilo halijapata kunisaidia kufungua faili hata moja.

Mtasema, basi na wale wanaume wawili wataandikishwa? Ndiyo. Wataandikishwa, na bibi wa mahamri na bibi wa kofia wataandikishwa, na yule dada asiyeolewa anayemlea kaka yake mlemavu huko Ganda, na vijana wangu mnaokaa kinyumba bila mahari, ambao nawajua na mama zenu wanawajua. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema dhana kwamba watu wameoana kwa kuwa wameishi pamoja sasa itumike kwa nadra sana, na majaji wale wale wakaliomba Bunge litunge sheria ya watu wanaoishi pamoja muda mrefu. Jirani zetu Tanzania angalau wana Sheria ya Ndoa ya 1971 inayozungumza juu ya mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi. Sisi hatuna hata hiyo. Mwanamke anazaa watoto wanne, siku mwanamume akifa anaulizwa dirishani wewe ni nani wake, anainama.

Na msidhani jibu la tatu ni ugeni mtupu. Mwaka 2011, Mahakama Kuu Mombasa iliamua mirathi ya mama mmoja wa Kinandi, asiye na mtoto, ambaye kwa mila yao alimtolea mahari mwanamke mwenzake ili amzalie warithi. Hayakuwa mapenzi, yalikuwa mambo ya ukoo na ardhi. Mahakama ikamsikiliza yule aliyeolewa, ikamtambua. Wazee wa Kinandi waliona bibi asiye na mrithi, wakambunia njia. Na sisi tulimwona bibi mwenye mkebe wa biskuti. Tulimfanyia nini?

Yu hai, kama mnataka kujua. Anakaa kwa mtoto wa dada yake, macho hayaoni tena sindano. Nilikwenda kumwona mwezi uliopita. Hakuniuliza habari za nyumba. Aliniuliza kama ule mkomamanga bado unazaa.

Magharibi inakaribia, sitawachelewesha. Sheria ninayoitaka haipo leo, lakini wosia upo leo. Pale mlangoni kuna meza mbili, moja ya Waislamu na moja ya Wakristo, kwa kuwa mirathi zetu ni tofauti. Kuna wakili kijana amejitolea, halipwi. Njooni na mashahidi wawili, wasiwe watu mnaotaka kuwaachia kitu. Njooni na jina la mtu mnayetaka aitwe hospitalini. Asiyejua kuandika nitamwandikia mimi, nimeleta kalamu. Maswali nitayapokea hapa hapa barazani baada ya swala, na anayetaka kunipinga aje akae karibu, sauti yangu imechoka.